Mwongozo Kamili: Namna Wakfu wa Urithi Unavyolinda Ardhi Yake na Kuwashirikisha Wanachama

Ardhi ya wakfu hupotea kwa njia mbili. Ya kwanza inajulikana: jirani anasogeza uzio, mtu anatokea na hati ya pili, barabara mpya inachorwa katikati ya eneo. Ya pili haizungumzwi sana, nayo kwa maoni yangu ndiyo ya kuogopwa zaidi. Bodi yenyewe, ikiwa na madeni na mishahara isiyolipwa, inakaa kikao jioni moja na kupitisha uamuzi wa kuuza kipande kimoja tu ili mambo yasonge. Hakuna aliyevunja sheria, mihtasari imesainiwa, na ardhi imekwenda.

Mwongozo huu ni wa wanaoanzisha au kuongoza wakfu wa urithi, yaani taasisi inayoshika msitu, magofu, makaburi ya kale, ufuko au nyumba ya kihistoria kwa niaba ya watakaokuja. Sheria za ardhi hutofautiana nchi hadi nchi, kwa hiyo kila jambo la kisheria humu lipitishe kwanza kwa wakili anayezijua za mahali ulipo. Mpangilio wa kazi wenyewe haubadiliki sana, na umejaribiwa kwa zaidi ya karne moja. The Trustees of Reservations ilianzishwa Massachusetts, Marekani, mwaka 1891. Miaka minne baadaye Octavia Hill, Robert Hunter na Hardwicke Rawnsley walianzisha National Trust nchini Uingereza. Ardhi yake ya kwanza ilikuwa zawadi ya ekari zisizofika 5 mlimani, Dinas Oleu huko Wales. Mwaka 1896 ikanunua nyumba yake ya kwanza, Alfriston Clergy House, kwa pauni 10. Leo ina wanachama zaidi ya milioni 5.

Hatua ya 1: Ufunge mikono wakfu wenyewe

Kabla ya uzio na kabla ya kuajiri mlinzi, shughulikia katiba. Igawe ardhi yote mafungu mawili. Fungu la kwanza ni ardhi ya kudumu, ile iliyobeba urithi wenyewe. Hiyo haiuzwi, haiwekwi rehani, haibadilishwi na kiwanja kingine wala haipangishwi kwa muda mrefu. Fungu la pili ni ardhi ya kawaida: kiwanja cha ofisi, shamba la kuingiza mapato, nyumba ambayo mfadhili aliiacha kwa wosia lakini haina historia yoyote. Hiyo bodi inaweza kuiuza kwa utaratibu ulioandikwa. Taasisi isiyotenganisha mafungu haya hujikuta ama haiwezi kuuza hata kibanda, ama inauza kila kitu.

National Trust ilipata nguvu hii kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1907, iliyoiruhusu kutangaza baadhi ya ardhi yake kuwa haiwezi kuuzwa kamwe. Wewe huenda usipate sheria ya Bunge. Unaweza kupata hati ya wadhamini, sharti linaloandikwa kwenye hati miliki, au zuio kwa msajili wa ardhi. Vyovyote iwavyo, hakikisha zuio linaonekana kwenye daftari la msajili, mahali ambapo mnunuzi na benki huangalia. Lililoandikwa kwenye katiba peke yake humfunga katibu mwaminifu tu.

Kifungu cha katiba kinaweza kusomeka hivi:

"Ardhi iliyotajwa katika Jedwali la Kwanza haitauzwa, haitawekwa rehani, wala haitapangishwa kwa zaidi ya miaka mitatu, isipokuwa kwa kura za robo tatu ya wanachama waliohudhuria, katika mikutano mikuu miwili iliyopishana kwa muda usiopungua miezi sita."

Moyo wa kifungu hiki ni ile mikutano miwili. Deni linalotisha mwezi wa pili huwa limepata ufumbuzi mwingine ifikapo mwezi wa nane, na wanachama huwa wamepata nafasi ya kuuliza nani ananunua na kwa nini. Ongeza na sentensi moja inayosahaulika mara nyingi: kifungu chenyewe kisibadilishwe ila kwa utaratibu huohuo. Pasipo hiyo, mtu atakibadilisha kwanza kwa kura za kawaida, kisha auze.

Hapohapo weka kanuni ya mgongano wa maslahi. Kila mjumbe wa bodi aandike kila mwaka ardhi, kampuni na ndugu wa karibu wenye biashara inayogusa wakfu. Jambo lake likifika mezani, atoke nje ya chumba, na mihtasari iandike saa aliyotoka na saa aliyorudi.

Hatua ya 2: Andika kinacholindwa ni nini

Wengi huruka hatua hii kwa kuona kwamba jibu linajulikana. Kaa na wajumbe watano na kila mmoja aandike peke yake kwa nini eneo lile lina thamani. Utapata majibu matano. Mmoja anaona msitu, mwingine makaburi, mwingine chemchemi, mwingine ukuta wa kale. Siku itakapokuja hoja ya kukata miti ili ukuta usipasuliwe na mizizi, hamtakuwa na pa kushika.

Andika tamko la umuhimu, ukurasa mmoja au miwili. Mkataba wa Burra, uliopitishwa Australia mwaka 1979 na kutumiwa tangu hapo na wahifadhi wa nchi nyingi, unaweka utaratibu mzuri: elewa kwanza umuhimu wa mahali, kisha tunga sera, ndipo usimamie. Utenganishe umuhimu wa kihistoria, wa kisayansi, wa kijamii, wa kiroho na wa uzuri wa mandhari. Kisha taja, bila kuzungukazunguka, ni kipi kinatangulia vikigongana.

Tayarisheni orodha mbili za vitu vilivyomo. Ya wazi huonyeshwa kwa kila mtu. Ya siri hutaja mahali hasa penye makaburi yenye vitu vya thamani, michoro ya mwambani, mimea adimu au viota. Wezi wa vitu vya kale husoma ramani kama watu wengine.

Hatua ya 3: Mipaka na kumbukumbu ya hali ya mwanzo

Tafuta mpima ardhi aliyesajiliwa arudie mipaka yote, hata kama hati unayo. Ramani za zamani mara nyingi hutaja mto uliohama au mti uliokwisha kuanguka. Kila kona ipate bikoni yenye namba, na kati ya bikoni zilizoachana mbali weka alama za kati zinazoonekana kutoka moja hadi nyingine. Waite majirani siku ya upimaji, watembee pamoja nanyi, wasaini kwamba wameona. Saini hizo ni silaha ya thamani kubwa mahakamani. Tena humpa jirani heshima ya kuulizwa kabla ya kuambiwa.

Baada ya hapo tengeneza kumbukumbu ya hali ya mwanzo. Hii ni picha kamili ya ardhi kama ilivyo siku ulipoanza kuilinda, na kila mabadiliko yatapimwa dhidi yake. Iwe na:

- nakala ya hati na ramani ya upimaji yenye majiranukta, yaani namba za mahali hasa, ya kila bikoni;
- picha kutoka vituo maalumu, kila kituo kikiwa na namba, mwelekeo na urefu wa kamera kutoka ardhini, ili mtu mwingine apige picha ileile baada ya miaka kumi;
- orodha ya majengo, nyufa zake, paa na misingi;
- njia, visima, uzio, na kila matumizi ya watu yaliyokuwepo siku hiyo;
- saini ya aliyeandaa, tarehe, na saini ya shahidi.

Hifadhi nakala tatu mahali patatu: ofisini, kwa wakili au benki, na moja ya kidijitali nje ya kompyuta ya ofisi. Nimeona taasisi nyingi zikiwa na mafaili mazuri katika kabati moja lenye ufunguo mmoja. Moto mmoja au katibu mmoja aliyekasirika anatosha kuyamaliza.

Hatua ya 4: Doria yenye maandishi

Viwango vya kazi vya taasisi za ardhi nchini Marekani, vilivyotolewa mara ya kwanza mwaka 1989, vinataka kila eneo lenye masharti ya uhifadhi likaguliwe angalau mara moja kwa mwaka. Chukua hicho kama kiwango cha chini kabisa. Penye msukumo wa ujenzi au ukataji miti, kila mwezi ndiyo sawa.

Ubora wa doria uko kwenye fomu. Anayeandika "hali ni shwari, kuna uharibifu mdogo" hajaandika kitu. Linganisha na hii:

"Bikoni 14: imesimama, rangi imefifia. Kati ya 14 na 15 kuna njia mpya ya miguu, upana wa hatua mbili, inatoka upande wa jirani hadi mti wa alama namba 6. Visiki vitatu, vimekatwa kwa panga, utomvu bado mbichi. Picha nne, zinaelekea kaskazini. Hakuna mtu aliyekutwa. Saa 4:20 asubuhi."

Kwa maneno hayo, mtu aliyekaa ofisini anajua kwamba ukataji ni wa siku chache, kwamba anayekata anapita kwa miguu, na kwamba ndani ya wiki mbili lazima mtu arudi kuangalia kama njia imepanuka kupitisha gari. Fomu ya pili inaamua kazi ya wiki ijayo. Ya kwanza inajaza faili.

Tumia pia picha za setilaiti. Mfumo wa Sentinel-2 wa Ulaya hutoa picha bure, kila alama ya picha ikifunika mita 10 kwa 10, na hupita mahali pamoja takribani kila siku 5. Hautaonyesha kisiki kimoja, lakini utaonyesha shamba jipya, uchimbaji au barabara. Kazi hii inawafaa sana wanachama wanaoishi mbali, nami nitairudia chini.

Mkigundua uvamizi, kasi ndiyo kila kitu. Katika nchi nyingi, anayekalia ardhi ya mwingine kwa miaka mingi bila kupingwa anaweza kudai kuwa ni yake. Sheria zenye asili ya Kiingereza mara nyingi hutaja miaka 12. Ukimya wenu ndio unaojenga kesi yake. Siku hiyohiyo pigeni picha na kupima. Ndani ya siku tatu mtu anayeheshimika aende akazungumze uso kwa uso, kwa upole, akiwa na ramani. Asiposikia, barua yenye tarehe, iliyopokewa kwa saini. Kisha mpima arudi, halafu mamlaka ya eneo, halafu mahakama mkiomba amri ya zuio. Kila ngazi iwe na tarehe ya mwisho, na msirudi nyuma ngazi hata moja kwa sababu mvamizi ni mtu mkubwa. Akiachwa mmoja, wanaomfuata watamtaja yeye.

Hatua ya 5: Vibali kwa majirani

Karibu kila ardhi ya urithi ina watu wanaoitumia: wanapita, wanachota maji, wanachunga, wanazuru makaburi ya wazee wao. Kuwafukuza wote ni kujitengenezea maadui kando ya mpaka wote. Kuwaacha bila maandishi ni hatari pia, kwa sababu matumizi ya muda mrefu yasiyo na ruhusa yanaweza kugeuka haki.

Toeni kibali cha maandishi, cha bure au cha ada ndogo, cha mwaka mmoja. Kieleze nani, wapi, afanye nini na asifanye nini, na kiseme wazi kwamba ni ruhusa ya wakfu wala si upangaji. Anayepita kwa ruhusa yako anakubali, kila mwaka anaposaini, kwamba ardhi ni yako. Na majirani wenye vibali ndio watakaokupigia simu usiku lori likiingia.

Wenye haki za kweli zilizotangulia wakfu, kama familia zenye makaburi ndani, wasipewe kibali kana kwamba wanafadhiliwa. Haki zao ziandikwe na zisajiliwe, na ikiwezekana wapate kiti kwenye bodi.

Hatua ya 6: Fedha kabla ya zawadi

Kataa zawadi ya ardhi usiyoweza kuitunza. Ni neno gumu mbele ya familia inayotoa kwa machozi, lakini nyumba ya kale inayoporomoka mikononi mwa wakfu huchafua jina la wote. Piga hesabu ya gharama za mwaka: doria, uzio, kodi, bima, matengenezo. Ikiwa mfuko wa akiba unaweza kutoa salama asilimia 4 kwa mwaka, unahitaji mara 25 ya gharama hizo zimetengwa kabla ya kusaini. Mwombe mtoaji achangie sehemu, na waombe wanachama sehemu nyingine wakiwa bado na hamasa. Mfuko wa kila eneo uwe na akaunti yake katika vitabu, na mwingine mdogo uwe wa kesi tu.

Hatua ya 7: Wanachama wenye nguvu za kweli

Hapa ndipo kazi yote inasimama au inaanguka. Kifungu cha mikutano miwili hakina maana ikiwa mikutano hiyo inahudhuriwa na wajumbe wa bodi na jamaa zao. Mwanachama anayelipa ada na kupokea kadi ya salamu ni mfadhili mdogo. Mwanachama anayejua bikoni namba 14 iko wapi ni mlinzi.

Anzeni na daftari. Jina, tarehe ya kujiunga, mawasiliano, hali ya ada, haki ya kura. Daftari lisilo safi ndilo chanzo cha ugomvi mwingi wa uchaguzi. Lifungwe siku 30 kabla ya mkutano mkuu, na mwanachama yeyote aruhusiwe kuthibitisha kwamba jina lake limo.

Kuna hatari mbili za kukabiliana nazo kwa pamoja. Ya kwanza ni kutekwa: mtu anayetaka ardhi anawalipia ada watu mia wiki mbili kabla ya mkutano na kuondoa bodi. Dawa yake ni kusubiri. Mwanachama mpya apige kura baada ya miezi 6, na kura za uwakilishi, zile mtu anazopiga kwa niaba ya wasiofika, zisizidi mbili kwa mtu mmoja. Ya pili ni kinyume chake: bodi inayokataa maombi ya kila anayeuliza maswali. Kwa hiyo vigezo viandikwe, ombi lijibiwe ndani ya siku 60, kukataliwa kuwe na sababu, na aliyekataliwa aweze kukata rufaa kwenye mkutano mkuu. Wengi hujilinda na hatari ya kwanza kwa kujitumbukiza kwenye ya pili, na baada ya miaka 15 wakfu unakuwa na wanachama 20 wenye mvi, na hakuna wa kuwapokea.

Kura iwe moja kwa kila mtu, aliyetoa mamilioni na aliyetoa siku zake za kufyeka njia. Ruhusuni ada ilipwe kwa kazi kwa asiye na fedha.

Kisha gaweni kazi halisi. Njia iliyo bora kuliko zote ninazozijua ni kugawa mpaka vipande. Wanachama wawili wawili wanapewa kipande kati ya bikoni mbili au tatu, wanafundishwa fomu ya doria kwa siku moja, na kile kipande kinakuwa chao kwa mwaka. Mtu akishapewa mita 400 za mpaka akaitwa kwa jina mbele ya mkutano kueleza hali yake, hamtahitaji kumkumbusha kuja mkutanoni. Walio mbali wapewe eneo la kuangalia kwa setilaiti kila mwezi. Wenye ujuzi waorodheshwe: mwashi, mhasibu, mpiga picha, mwanasheria, fundi wa paa. Wazee warekodiwe wakiwa wanatembea kwenye eneo lenyewe, kwa idhini yao ya maandishi inayosema sauti itatumikaje. Kumbukumbu huja mguu ukifika mahali, na mengi wanayosema pale hawayakumbuki wakiwa wamekaa kitini.

Taarifa ya mwaka iandikwe kwa kila kipande cha ardhi, mbali na hesabu za fedha. Kila eneo lipate nusu ukurasa: lilikuwaje mwaka jana, likoje sasa, picha mbili kutoka kituo kilekile, uvamizi uliotokea na umefikia ngazi gani. Iwafikie wanachama siku 21 kabla ya mkutano. Katika ajenda, hali ya ardhi itangulie fedha, maana mkutano ukianzia kwenye upungufu wa fedha utaiangalia ardhi kama njia ya kuuziba.

Wajumbe wa bodi wakae vipindi viwili vya miaka mitatu, theluthi moja ikitoka kila mwaka, ili kumbukumbu isipotee kwa mkupuo wala kiti kisimilikiwe. Vijana wasipewe kamati ya vijana tu. Wapewe viti vyenye kura.

Hatua ya 8: Ardhi msiyoimiliki

Mara nyingi urithi hauishii kwenye mpaka wenu. Chemchemi inaweza kuwa yenu na chanzo chake kikawa kwa jirani. Badala ya kununua kila kitu, tafuteni makubaliano yanayosajiliwa kwenye hati ya mwenye ardhi: anabaki mmiliki, anaendelea kulima au kuishi, lakini yeye na kila atakayenunua baadaye wanafungwa wasikate, wasijenge au wasichimbe mahali palipotajwa. Nyuzilandi ina taasisi ya kitaifa, Queen Elizabeth II National Trust, iliyoundwa mwaka 1977 kwa kazi hiyo, na wenye ardhi wengi huingia kwa hiari. Mmiliki wa kwanza huwa rafiki. Jiandaeni kwa wa pili, ambaye hakusaini chochote kwa mkono wake: mtembeleeni mwezi uleule anaponunua, mkiwa na nakala na kumbukumbu ya hali ya mwanzo.

Hatua ya 9: Wakfu ukifa

Kila katiba iseme ardhi itakwenda wapi taasisi ikivunjika. Kama haisemi, wadai na warithi wa waasisi watapigania, na ardhi ya kudumu itauzwa na mfilisi. Tajeni taasisi mbili zenye malengo yanayofanana, ya kwanza na ya akiba, na mpate barua za kila moja zikikubali kuipokea ardhi pamoja na masharti yake. Zipitieni kila baada ya miaka 5, kwa sababu nazo hubadilika au kufungwa. Mfuko wa utunzaji uhamie pamoja na ardhi, na daftari la wanachama pia, ili waliokuwa wakitembea mpaka ule wapate kura kule kuanzia siku ya kwanza.